Corolla 110 inayoyumba: mambo ya kujua kabla ya kugusa springi

Mwenye Corolla 110 akilalamika kijiweni kwamba gari lake linaelea barabarani, atapewa ushauri wa aina tatu: kata springi, weka spesa (kipande cha kuinua gari kinachowekwa juu ya nguzo ya shokapu), au nunua shokapu ngumu. Wawili kati ya washauri hao wanapingana waziwazi, maana mmoja anataka gari lishuke na mwingine anataka linyanyuke, lakini kila mmoja ana jamaa yake aliyefanya hivyo na "gari likatulia". Yule mwenye gari anaondoka na mchango wa mawazo, anatoa hela, na baada ya wiki mbili gari limekuwa gumu kama kitoroli na bado linayumba.

Kizazi hiki cha Corolla, E110, kilianza kuuzwa Japani mwaka 1995 na kikampisha E120 mwaka 2000. Hata ile changa kabisa kati ya zilizoshushwa bandarini kwetu ina robo karne. Raba zake zimezeeka, mafuta ya shokapu yamechoka, springi zimelala. Gari hilo likiwa jipya lilikuwa linakamata barabara vizuri kuliko wengi wanavyodhani, kwa hiyo sehemu kubwa ya "maboresho" ni kurudisha kilichopotea. Baada ya hapo ndipo kuna nafasi ya kuongeza, na hiyo nafasi ni ndogo kuliko matangazo ya wauza spea yanavyosema.

Kinachochanganya watu ni kudhani kwamba gari lisilolala kwenye kona ndilo linaloshika. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha shida ya wazo hilo. Corolla hii ina uzito wa tani moja na kidogo. Tia dereva na mafuta, tuseme kilo 1,150. Kitovu cha uzito wake kiko kama nusu mita juu ya lami, na umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia ni takriban mita 1.46. Sasa ingia kona kwa kasi inayokusukuma pembeni kwa nguvu sawa na nusu ya uzito wako. Zidisha 1,150 kwa nusu, zidisha kwa nusu tena, gawanya kwa 1.46: unapata karibu kilo 197. Huo ndio mzigo unaohama kutoka kwenye matairi ya ndani ya kona kwenda kwenye matairi ya nje.

Angalia kisichokuwemo kwenye hesabu hiyo. Springi hazimo. Shokapu hazimo, wala stabilaiza, ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Kuna uzito, urefu wa kitovu, upana wa gari na ukali wa kona, basi. Mwili ukilala, kitovu husogea pembeni kidogo, lakini ni kiasi cha kupuuzwa. Gari lenye springi ngumu kama jiwe litahamisha kilo zile zile 197 ambazo lenye springi laini linahamisha. Tofauti ni kwamba abiria wa lile la kwanza hawaoni gari likilala.

Jambo la pili ni tabia ya tairi. Ukiliongezea tairi mzigo mara mbili, halikupi mshiko mara mbili. Linakupa pungufu ya hapo. Ndiyo maana tairi la nje lililoongezewa kilo haliwezi kufidia chote kilichopotea kwenye lile la ndani lililopunguziwa. Na ekseli inayobebeshwa sehemu kubwa zaidi ya zile kilo zinazohama ndiyo inayoishiwa mshiko kwanza. Corolla ina injini mbele, giaboksi mbele, na matairi ya mbele ndiyo yanayovuta na kukata kona kwa wakati mmoja. Basi ukizidisha mwendo, pua ndiyo inayogoma: unakata usukani, gari linataka kunyooka kuelekea mtaroni.

Kutokana na hayo mawili, kazi za saspensheni zinakuwa tatu: kuhakikisha tairi limekanyaga bapa, kulizuia lisiruke kutoka kwenye lami, na kuamua mbele na nyuma zigawane vipi ule mzigo unaohama. Kila kifaa unachouziwa kipime kwa hayo.

Matairi yenyewe sitayazungumzia sana, ingawa ndiyo yenye usemi kuliko kifaa chochote kilicho juu yake. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata (mistari ya raba inayokanyaga barabara) nzuri lakini raba iliyokauka litakusaliti kwenye lami yenye maji hata uwe na saspensheni ya gari la mashindano. Upepo uwekwe kwa kufuata kibandiko cha mlangoni, asubuhi kabla tairi halijapata moto.

Bushi, zile raba za kwenye maungio ya mikono ya saspensheni, ndizo zinazostahili muda. Mbele, kila wishbone, yaani mkono wa chini unaoshika gurudumu, inashikwa na bushi mbili. Nyuma, kila upande una mikono miwili iliyokingama na mmoja unaoelekea mbele, na kila mkono una raba kila ncha. Hizo ndizo zinazolishikilia gurudumu lielekee kule lilikoelekezwa. Raba ikifa, gurudumu linakuwa na maoni yake: ukikanyaga breki linarudi nyuma kidogo na kugeuka, ukikanyaga mafuta linakwenda mbele na kugeukia upande wa pili. Dereva anasikia gari linavuta kushoto kwenye breki, anapeleka gari likafanyiwe alaimenti (kupima na kunyoosha mwelekeo wa magurudumu), analipa, na halibadiliki kitu, kwa sababu alaimenti inapimwa gari likiwa limesimama.

Kuliona hilo kwa macho ni rahisi. Gari likiwa juu ya shimo la gereji, limekanyaga matairi yake, mwambie fundi achomeke mtalimbo kati ya wishbone na fremu kisha aukandamize taratibu huku wewe umemulika tochi. Bushi nzima inajivuta kidogo na kurudi. Iliyokufa inafunguka: ufa mweusi unatokea kuzunguka kile chuma cha katikati, na wishbone yote inahama milimita kadhaa bila hata kutoa sauti. Papo hapo mwambie azikague pia bolijointi (kiungo cha wishbone na gurudumu) na tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu), maana zikiwa na mchezo hizo, kazi yote ya bushi mpya ni bure.

Halafu kuna kosa moja ambalo nadhani limeua bushi nyingi kuliko mashimo ya barabarani. Bushi ya aina hii haizunguki kama beringi. Raba imegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, na mkono unapopanda na kushuka, raba ndiyo inayojinyonga. Sasa gari likiwa kwenye jeki, magurudumu yananing'inia na mikono imeelekea chini. Fundi akikaza boliti hapo, kisha akashusha gari, bushi mpya inaanza maisha ikiwa imenyongwa tayari, na itabaki hivyo usiku na mchana hata gari likiwa limelala barazani. Inapasuka mapema, na mwenye gari analaumu spea kwamba ni feki. Utaratibu ni kukaza kidogo tu gari likiwa juu, kulishusha, kulisukuma mbele na nyuma na kulitingisha likae mkao wake, ndipo boliti zikazwe mpaka mwisho, kwa spana ya torki kama ipo.

Bushi za poliyurethani, zile ngumu za rangi nyekundu au njano, zina mahali pake. Kwenye stabilaiza sina tatizo nazo. Kwenye ule mkono wa nyuma unaoelekea mbele, unaotakiwa kujipinda pande zaidi ya moja, huwa zinabana kazi, na barabara yenye vumbi ikimaliza grisi yake gari linaanza kulia kama kitanda cha chuma. Kwa gari la kupeleka watoto shule na kwenda nyumbani sikukuu, raba mpya ya ubora wa kiwandani inatosha na kubaki.

Tukija kwenye shokapu, jina linapotosha kazi yake. Mshtuko wa shimo unapokewa na springi. Shokapu inatuliza springi isiendelee kucheza, kwa kulazimisha mafuta yapite kwenye vali nyembamba na kugeuza ule mwendo kuwa joto. Na kuna michezo miwili ya kutuliza. Mwili wa gari hupanda na kushuka polepole, kama mara moja hadi moja na nusu kwa sekunde. Gurudumu lenyewe, likiwa katikati ya springi na raba ya tairi, hutetema mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Ule mtihani wa kukandamiza bawa la gari kwa mikono na kuhesabu linacheza mara ngapi unapima mchezo wa kwanza tu. Shokapu inaweza kufaulu hapo na bado gurudumu likawa linadundadunda juu ya lami yenye viraka bila wewe kujua, na tairi lililoko hewani halina breki wala usukani.

Dalili za kuaminika ziko kwingine. Pitisha kiganja juu ya kashata: ukisikia mabonde na vilima vya duara, gurudumu limekuwa likiruka. Tazama kama nguzo ya shokapu imelowa mafuta yaliyoshika vumbi. Na kwenye barabara ya changarawe yenye matuta madogo madogo kama ubao wa kufulia, angalia kama nyuma inahamahama pembeni hata usukani ukiwa umenyooka. Shokapu za mafuta matupu hupata taabu zaidi hapo, kwa sababu mwendo wa haraka na joto hutoa povu, na povu halina ukinzani. Zenye gesi ya naitrojeni hubanwa na ile gesi ili povu lisitokee upesi. Ndiyo sababu KYB Excel-G, au nyingine ya gesi ya daraja hilo, naiona ni chaguo la kwanza kwa gari hili: imekusudiwa kurudisha hali ya kiwandani kwa springi za kiwandani. Shokapu ngumu zaidi ya springi iliyonayo hulizuia gurudumu kurudi chini haraka baada ya kila tuta, na kwenye mfululizo wa matuta gari huzidi kujikunyata mpaka nafasi inakwisha.

Nunua kwa jozi, mbele zote mbili au nyuma zote mbili. Na ukishafungua, usirudishe mautingi ya juu (kishikio cha nguzo kwenye mwili wa gari) iliyochoka ili kuokoa hela kidogo. Mbele ina beringi ndani yake. Ikishika kutu, usukani unakataa kurudi wenyewe baada ya kona na springi inatoa mlio wa kugutuka unapogeuza gari ukiwa umesimama. Raba ya kizuizi na ile kava ya vumbi nazo zibadilishwe. Jambo la usalama: nati ya juu haifunguliwi kabla springi haijabanwa kwa vibanio vyake. Springi ya gari inayofyatuka inaweza kuua mtu, na hapo sitii chumvi.

Sasa springi. Iliyolala baada ya miaka 25 ibadilishwe kwa mpya ya kimo kile kile; nyuma ndizo huwa za kwanza kwa sababu ya mizigo. Hilo halina mjadala. Mjadala uko kwenye kukata na kuinua.

Ugumu wa springi unategemea idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Chukua yenye mizunguko 6, kata mmoja, imebaki mitano: ugumu umepanda kwa asilimia 20. Umepata ugumu kidogo na umepoteza kimo kingi, kwa hiyo ile nafasi ya gurudumu kupanda imepungua kuliko ugumu ulivyoongezeka. Gari linafika kwenye raba ya kizuizi mapema, na likigota hapo katikati ya kona, tairi linaachia ghafla. Ukatwe kwa moto wa gesi, na chuma cha sehemu hiyo kinapoteza ugumu wake. Gurudumu likining'inia, springi fupi inalegea na inaweza kurudi imekaa nje ya kikalio chake.

Lakini kasoro kubwa zaidi iko kwenye jiometria. Corolla 110 inatumia nguzo za MacPherson, muundo wa Earle MacPherson, mhandisi wa Marekani aliyepita General Motors kabla ya kwenda Ford. Ni muundo wa bei nafuu wenye akili: shokapu yenyewe ndiyo nguzo inayoshika gurudumu, na chini kuna wishbone moja tu. Kwa kimo cha kiwandani wishbone hiyo iko karibu na usawa. Ukishusha gari, ncha yake ya nje inabaki juu kuliko ya ndani. Hapo mambo mawili yanatokea. Kwanza, gari linapolala kwenye kona, tairi la nje halipati tena msaada wa kujiinamisha kwa ndani. Linasimamia ukingo wake wa nje badala ya kukanyaga bapa. Pili, ile nukta ambayo mwili wa gari unalalia inashuka chini haraka kuliko mwili wenyewe ulivyoshuka. Mkono wa wenzo kati ya nukta hiyo na kitovu cha uzito unarefuka. Matokeo yake yanashangaza wengi: MacPherson iliyoshushwa sana kwa springi zilizokatwa inaweza kutaka kulala zaidi kuliko ilipokuwa juu. Toyota wenyewe waliujua udhaifu huu wa nguzo, ndiyo maana baadhi ya Levin na Trueno (ndugu za kimichezo za Corolla) za miaka ya 1990 walizifungia mfumo walioupa jina Super Strut, wenye mikono ya ziada ya kulisimamisha tairi vizuri kwenye kona.

Kama lazima ushuke, sentimita mbili hadi tatu kwa springi zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, pamoja na shokapu zinazolingana nazo, ndio mpaka wangu. Kwa matuta ya mitaani kwetu hata hizo ni nyingi.

Spesa zinakosea upande wa pili. Kile kipande cha alumini au plastiki ngumu kikiwekwa juu ya nguzo, nguzo nzima inashuka chini ikilinganishwa na mwili. Springi haijabadilika, shokapu haijabadilika. Kilichobadilika ni pembe za kila kitu: wishbone inaning'inia, jointi za mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu zinazungukia pembe kali na kumaliza buti zake, tairodi inakuwa na mteremko kiasi kwamba gurudumu likipanda na kushuka linajigeuza lenyewe. Na kitovu cha uzito kimepanda. Rudi kwenye ile hesabu: panda sentimita 4, kutoka 50 hadi 54, na kilo 197 zinakuwa kama 213 kwenye kona ile ile. Namwelewa mtu anayeishi kwenye njia mbovu na tumbo la gari linagonga mawe. Yeye anahitaji kimo. Aanze na springi mpya, maana mara nyingi zile zilizolala ndizo zilizomwibia kimo. Kisha aongeze spesa nyembamba na aendeshe akijua amebadilisha kitu gani kwa kitu gani.

Mtu atasema magari ya Safari Rally yalisimama juu na bado yalikimbia. Kweli. Toyota Celica Twincam Turbo zilishinda Safari mwaka 1984 na 1986 kwa mikono ya Björn Waldegård, na 1985 kwa Juha Kankkunen, na hazikuwa zimelala chini hata kidogo. Ila magari hayo yalitengenezewa nguzo zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, na shokapu za kuhimili joto la siku nzima. Spesa inakupa kimo bila kukuongezea hata milimita moja ya nafasi hiyo.

Stabilaiza ndiyo kifaa ninachokipenda kwa anayetaka kwenda mbele ya hali ya kiwandani, kwa sababu hubana gari kulala bila kuharibu utulivu wake kwenye tuta linalopitwa na matairi yote mawili pamoja. Ugumu wake unakua kwa kipeo cha nne cha kipenyo (kipenyo × kipenyo × kipenyo × kipenyo): fimbo ya milimita 22 ikipisha ya 25, tofauti isiyoonekana vizuri kwa macho, ugumu unaongezeka kwa karibu asilimia 67. Kosa ni kuiongeza mbele. Mbele ikikaza, inajibebesha zaidi ya zile kilo 197, na pua iliyokuwa inagoma itagoma zaidi. Inayosaidia Corolla ni ya nyuma. Levin na Trueno za AE111 zenye injini ya 4A-GE zilitoka nayo, na kwenye maduka ya spea za mtumba zinapatikana pamoja na linki na vishikio vyake. Linganisha vishikio kabla ya kulipa.

Iongeze kwa kiasi. Nyuma ikiwa ngumu mno, tena matairi mazuri umeyapeleka mbele na yaliyokwisha nyuma kama wengi wafanyavyo, siku ya mvua utaingia kona, utashtuka, utaachia mafuta ghafla, na mkia utatangulia. Matairi yenye kashata nzuri yakae nyuma.

Yote haya yakiisha ndipo alaimenti, na ifanyike baada ya siku chache springi mpya zikishakaa. Chukua kasoro ya milimita 3 tu, kwamba nafasi kati ya matairi upande wa mbele ni ndogo kuliko ya nyuma yake kwa kiasi hicho. Kwa tairi la 175/65R14 hiyo ni sawa na kila tairi la ekseli hiyo kuburuzwa kando mita mbili na nusu kwa kila kilomita. Zidisha kwa safari ya Dar hadi Morogoro uone raba inakwenda wapi. Omba karatasi ya vipimo, ya kabla na ya baada, na usiridhike na usukani kunyooka. Vituo vingi hugusa mbele peke yake, ilhali matairi ya nyuma yakitazama nje hata kidogo, gari litaendelea kutafuta njia kama mtu aliyelewa hata mbele pakiwa sawa kabisa. Wakikuambia nyuma ya Corolla hii hakuna kinachorekebishika, inama nao chini ya gari uwaonyeshe ule mkono wa nyuma wenye nyuzi za boliti na nati mbili za kufungia. Wapulize kwanza dawa ya kutu, maana huenda hazijaguswa tangu Japani.